Mti Wangu, Ardhi ya Mke Wangu

Asubuhi ya kwanza nilipoamka kwa wakwe zangu Java, Indonesia, kilichonitoa kitandani ni harufu. Nilidhani naota niko kwetu Wete, Pemba. Nikafunga kikoi, nikatoka, nikamkuta mama mkwe ameinama uani anatandaza karafuu juu ya mikeka ya mianzi, nyingine bado zina wekundu wa mtini, nyingine zimeshaanza kuiva jua. Nikachota konzi moja, nikanusa, na machozi yakanitoka mbele ya mama wa watu ambaye tulikuwa tumejuana kwa siku moja tu. Akamwuliza mke wangu kwa Kijava nimepatwa na nini. Alipojibiwa, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko hadi kwenye mti mmoja mnene, akaupiga kofi shinani na kutamka neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani: "Zanzibar."

Ndivyo wanavyoiita aina hiyo ya mkarafuu. Asili ya karafuu ni Maluku, visiwa vya Ternate na Tidore na jirani zao, mashariki ya Indonesia hii hii. Karne ya 18 Wafaransa walitorosha miche wakaipanda visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja na Pemba, na karne ya 20 mbegu ikarudi Java na jina la kwetu. Babu yangu aliwajua Waindonesia kwa njia nyingine. Walikuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao za kretek, na walipojitosheleza kwa mashamba yao katika miaka ya 1980, bei ikaanguka na Pemba nzima ikaumia. Kwa hiyo nilikuwa nimefika, bila kupanga, mahali ambapo umaskini wa ujana wa baba yangu ulianzia.

Mimi na mke wangu tulikutana Muscat. Mimi nilikuwa duka la vipuri vya magari kule Ruwi, yeye alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya familia moja ya Kiomani. Tulioana 2014, binti yetu akazaliwa 2016, na mwaka 2018 tukarudi kwao na akiba yangu ya miaka kumi na moja. Kijiji kiko Kaligesing, wilaya ya Purworejo, Java ya Kati, juu ya vilima vya Menoreh. Mashamba ya mpunga yako chini bondeni, huku juu ni mikarafuu, minazi, migomba, doriani, mafenesi na shokishoki. Mtu wa Pemba hana matunda ya kujifunza majina upya, ila mangostini. Hata lugha ilinipokea: *kabar* ni habari, *musim* ni msimu, *rezeki* ni riziki, *sabun* ni sabuni. Kijava chenyewe ni kazi nyingine, maana kina maneno ya kumwambia mtoto na maneno ya kumwambia mkubwa, na ukikosea unakuwa umemvunjia mtu heshima bila kujua. Miaka miwili ya mwanzo nilisema zaidi *nggih*, yaani ndiyo, kwa sauti ya chini.

Nilikuja na wazo moja: kununua ardhi. Nani asingekuwa nalo? Uwanja mpya wa ndege wa Yogyakarta ulikuwa unajengwa pwani ya Kulon Progo, ng'ambo ya vilima, ukaanza kutumika 2019, na kila dalali alikuwa na kiwanja cha kukuonyesha. Sheria ya Ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960 na iko wazi: umiliki kamili, wanaouita *hak milik*, ni wa raia peke yake. Mgeni anaweza kukodi au kupewa haki ya matumizi. Akipata umiliki huo kwa kurithi au kwa mchanganyiko wa mali ya ndoa, ana mwaka mmoja wa kuuachia, vinginevyo ardhi inaangukia serikalini. Na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu mali inayopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Mke wangu, mzaliwa wa kijiji, alikuwa hawezi kununua hata ukanda wa ardhi ya shangazi yake kwa kuwa ameolewa na mimi bila mkataba wa kutenganisha mali. Zamani mkataba huo ilikuwa lazima uandikwe kabla ya ndoa. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba namba 69 wa mwaka 2015, uliosomwa Oktoba 2016, ndio uliowafungulia mlango watu kama sisi ambao tulikuwa tumeshaoana.

Tulikwenda kwa mthibitishaji wa hati mjini mwaka 2019 tukauandika. Nilisaini karatasi inayosema kwamba chochote atakachonunua mke wangu si changu. Nawaambia ndugu zangu wanaoniandikia kutoka Zanzibar, Oman na Uingereza kuniuliza habari za ardhi ya huku: hiyo ndiyo njia halali ya mtu aliyeoa raia wa huku, na kama moyo hauwezi kuisaini karatasi hiyo, basi moyo haujawa tayari kuishi huku.

Kabla ya hapo kuna dalali alinipa njia ya mkato. Ninunue kwa jina la mtu mwingine, kisha tuandikiane hati ya siri kwamba mali ni yangu. Wageni wengi wamefanya hivyo, hasa Bali. Sheria ile ile ya 1960 inasema mpango wa namna hiyo ni batili, ardhi inakuwa ya serikali na fedha hazirudi. Nilikuwa sijaisoma wakati huo. Nilikuwa na bei tu kichwani. Nilipomweleza baba mkwe, hakunitajia sheria yoyote. Aliuliza, "Le, huyo mwenye jina akifa, utazungumza na nani?" *Le* ndivyo wazee wanavyomwita kijana wa kiume. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa.

Siku nyingine nilimpeleka akaone kipande cha mteremko chenye mandhari ya kupendeza na bei ya chini kuliko jirani zake. Hakutazama mandhari. Alitazama mashina. Miti mingi ya pale ilikuwa imepinda chini kabisa, kisha ikanyooka kwenda juu, kama mtu aliyeteleza akajizuia. Akanieleza kwamba udongo pale unatembea, kidogo kidogo kila masika, na mti unajinyoosha kuufuata mwanga. Akanikumbusha Juni 2016, mvua kubwa zilipoangusha vilima vya Purworejo usiku mmoja na watu wengi wakafukiwa, Kaligesing nayo ikiwemo. Mwenye kiwanja alikuwa anauza kwa sababu anajua. Nyufa za ardhini, chemchemi mpya iliyotokea pasipokuwa na maji, mianzi iliyolalia upande mmoja: siku hizi ndivyo vitu ninavyovitazama kwanza, kabla ya kuuliza bei.

Jioni ile, tukinywa chai, nilimsimulia mambo ya kwetu. Kwamba Zanzibar ardhi ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, kwamba babu alipewa ekari tatu kama wengine, na kwamba kuna desturi ya zamani zaidi ya hayo yote: mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Unaweza kuwa na mikarafuu kumi katika shamba la mtu, ukairithisha, ukaikodisha, na chini yake mwenye ardhi akalima muhogo wake. Baba mkwe alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Huku pia watu hukodi miti."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonigeuza, nami nimeishi ndani yake mpaka leo.

Mapema 2022 nilikodi mikarafuu kumi na miwili ya mzee mmoja jirani, mjane ambaye wanawe wote wako Jakarta. Tulikubaliana rupia milioni tisa, nikazitoa zote siku ile, kama shilingi milioni moja na nusu za Tanzania kwa hesabu ya wakati ule. Niliiandika mimi hati, kwa Kiindonesia changu cha shule ya jioni, na nikaandika "miaka miwili". Mzee alitia kidole gumba bila kuisoma. Mdomoni alikuwa amesema "mavuno mawili". Sikuona tofauti, na ni aibu kwa mtoto wa Pemba kutoiona, kwa sababu nimekua nikisikia kwamba mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwakani hupumzika, na wakati mwingine hupumzika miaka miwili mfululizo.

Mwaka 2022 kiangazi hakikuja. Wenyewe wanakiita *kemarau basah*, kiangazi chenye maji. La Niña, hali ya bahari inayozidisha mvua huku, ilikuwa katika mwaka wake wa tatu na mvua ilinyesha Juni, Julai, Agosti, miezi ambayo ardhi ingepasuka. Mkarafuu unahitaji ukavu ili utie maua. Ukipata mvua bila kupumua unaota majani tu, majani mazuri mekundu ya kuvutia macho na yasiyolipa. Kwenye miti yangu kumi na miwili nilichuma kilo arobaini na moja mbichi. Zikikauka zinabaki theluthi moja hivi, basi nikapata kilo kumi na tatu. Hizo kidogo nazo nilizianika kwa kuvizia jua, kila wingu likija mama mkwe anapiga kelele na sote tunakimbilia mikeka. Nyingine zilishika ukungu na mnunuzi akazitenga.

2023 miti haikutoa kitu cha kupandia ngazi. Kwa karatasi yangu mwenyewe, mkataba ulikuwa umekwisha.

Nilikwenda kwa mzee kumshukuru na kumrudishia miti yake. Nilikuwa nimejipanga maneno ya Kijava cha heshima tangu asubuhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza nimechuma mara ngapi. Nikamwambia mara moja. Akasema, "Basi bado moja." Nikamwonyesha hati, kwamba nimeandika miaka. Akasema hajui nilichoandika, anajua tulichosema.

2024, baada ya ukame mkali wa El Niño ya mwaka uliotangulia, vilima vyote vilichanua. Nilichuma kilo mia tatu na kumi mbichi, nikapata karibu kilo mia moja kavu. Wachumaji nilikuwa nawalipa rupia elfu tano kwa kilo mbichi, na wanawake wa kuchambua vikonyo rupia elfu moja. Nikijumlisha mavuno yote mawili na kutoa kodi na ujira, faida yangu kwa miaka mitatu haikufika rupia milioni mbili, kama shilingi laki tatu za kwetu. Kwa mtu anayetafuta utajiri wa haraka hiyo si habari. Lakini nilikuwa nimeshaihesabu fedha ile kuwa imepotea, na aliyenirudishia hakulazimishwa na hati wala na mtu.

Tangu hapo mikataba yangu yote inahesabu mavuno, haihesabu miaka. Sichukui pia miti ya mtu mmoja yote pamoja. Nachukua mitano kwa huyu juu kilimani, mitatu kwa yule bondeni, kwa sababu huko juu maua huja kwa nyakati tofauti na chini, na fukusi wa shina akiingia shamba moja huwa hajafika la pili. Huyo fukusi tunamtafuta kwa macho kila mwezi. Ukiona unga wa mbao shinani, unaziba tundu kwa kijiti kilichochongwa. Kazi ya dakika tano inaokoa mti wa miaka thelathini. Jambo jingine ni majani makavu. Kuna vinu vya kukamulia mafuta ya majani ya karafuu, kama kwetu Wawi wanavyokamua ya makonyo, na watu hufagia chini ya miti na kuuza kwa gunia. Mimi nimekataa kuuza. Udongo wa mteremko ukiachwa mtupu unakwenda na mvua, na bei ya gunia la majani hairudishi udongo.

Kisha mbuzi. Kaligesing inajulikana Indonesia nzima kwa mbuzi wake wakubwa, uzao wa mbuzi wa Kihindi wa Etawa, masikio marefu yanayoning'inia na pua iliyopinda kama ya kasuku. Wa maonyesho huuzwa kwa makumi ya milioni za rupia. Hapo mwaka 2020 nilifanya kosa langu kubwa kuliko yote, na mtu wa kulaumiwa ni mimi. Nilinunua dume kwa rupia milioni kumi na tano, nikamjengea banda la juu la mianzi nyumbani, nikaajiri kijana wa kumkatia majani kwa mshahara wa mwezi. Baba mdogo wa mke wangu, Pak Lik, aliniambia mara mbili kwamba majani machanga ya mvua za kwanza hayatolewi vile vile, yanyaushwe kwanza hadi kesho yake. Nilimpitishia kijana maneno hayo kama salamu, bila kusimamia. Mvua za Novemba zikaja, kijana akakata majani laini ya karibu ili awahi kwenda kwenye mpira, na asubuhi tulimkuta dume amevimba tumbo kama ngoma, amelala ubavu. Pak Lik alijaribu mafuta ya nazi, akamkanda, akamsimamisha. Adhuhuri tukamkosa.

Nilikuwa na hasira na yule kijana kwa wiki nzima. Kisha nikajiuliza, kwa nini aangalie tumbo la mbuzi ambaye akinenepa au akifa, yeye anapata mshahara ule ule? Wenyeji wana njia yao, inaitwa *gaduh*. Mwenye fedha ananunua jike, mwenye mikono analichukua kwake na kulilisha, na watoto wanaozaliwa wanagawana nusu kwa nusu. Samadi ni ya mfugaji. Nilinunua majike mawili ya kawaida, rupia milioni tatu kila mmoja, nikampa Pak Lik. Leo yako tisa kwenye mabanda manne ya watu wanne, na sijawahi kukata hata tawi moja. Naambiwa mimba, naambiwa ugonjwa, naambiwa kabla ya kuuza. Ninaokubaliana nao ni watu ambao nimewahi kukaa nao usiku.

Nasema usiku kwa maana yake hasa. Kila kitongoji kina zamu ya ulinzi, *ronda*, na jina langu liko Jumatano. Tunakaa kibandani na kahawa, kisha tunazunguka nyumba hadi nyumba. Mbele ya kila nyumba kimetundikwa kikopo kidogo, ndani yake kuna punje za mchele au sarafu, tunakusanya. Ni kidogo mno kwa nyumba moja, lakini ndizo zinazonunua taa za njia na viti vya msiba. Mwaka wa kwanza nilitaka kulipa mtu ashike zamu yangu, kwa kuwa nilikuwa nachoka. Mke wangu aliniomba nisifanye hivyo, na hakuna ushauri ninaoushukuru kama ule. Habari ya miti ya mzee niliipata kwenye kibanda hicho. Na mke wa mzee huyo alipofariki 2021, tulisoma kwake *tahlil*, kisomo cha kumwombea marehemu, usiku saba, nikajikuta peke yangu ndiye ninayezijua dua zote kwa moyo tangu madrasa, na wao wakanisogeza mbele. Yeye hajawahi kulitaja hilo tukizungumza mambo ya miti, na mimi sijawahi kuuliza.

Kuna gharama ambayo hakuna mtu aliyenitahadharisha, nayo ni bahasha. Mwezi wa Besar, ambao kwetu ni Mfunguo Tatu, harusi zinafuatana, kwa kuwa mwezi unaofuata Wajava wengi hawaozi. Kila mwaliko ni bahasha ya angalau rupia elfu hamsini, na jina lako na kiasi chako vinaandikwa kwenye daftari, nawe utarudishiwa siku yako. Kuna mwezi tulitoa bahasha kumi na tatu. Wanawake pia wanakwenda *rewang*, kupika kwa mwenye shughuli siku mbili tatu, na siku hizo hakuna kibarua utakayempata shambani hata umwongeze ujira. Mgeni anayepanga bajeti ya shamba bila mstari wa bahasha na bila siku za *rewang* atadhani watu ni wavivu au wanamkwepa. Mimi nimeutengea mstari wake, na uko juu ya mstari wa mbolea.

Minazi nimeiacha karibu na mwisho kwa sababu inaniuma kuieleza. Kwetu mgema hupanda mnazi kutafuta tembo. Huku hupanda kutafuta sukari. Anapanda asubuhi na jioni, miti kumi na tano, ishirini, akiwa na vyombo kiunoni ambavyo ndani yake ametia chokaa na vipande vya ganda la mangostini ili maji matamu yasichachuke. Mke wake anapika jikoni saa nyingi mpaka yageuke sukari nzito, anaimwaga kwenye nusu za vifuu. Wanaanguka. Karibu kila kitongoji kina mtu aliyeanguka. Na mara nyingi sukari yenyewe imeshauzwa kabla ya kupikwa, kwa sababu mgema alikopa kwa mnunuzi wakati wa msiba au wa kufungua shule, na anamlipa kwa sukari, kwa bei anayoitaja mkopeshaji.

Mwaka 2021 watu wawili walinijia kutaka nichukue nafasi hiyo, niwakopeshe mimi. Walisema mimi ni mwepesi kuliko yule wa mjini. Kwa kalamu, hakuna biashara kijijini yenye faida ya uhakika kama hiyo. Nilikaa nayo siku tatu. Baba mkwe hakunikataza, alinionyesha tu nyumba ya mnunuzi wa zamani kule kitongoji cha chini, nyumba nzuri ya vigae. Akaniambia kwamba siku ya msiba wa mtu yule watu walikuja, wakazika, wakaondoka, na usiku wa pili kisomo kilikuwa na familia peke yake. Sikukopesha. Baadaye tulinunua karai mbili kubwa na tukajenga jiko la udongo lenye bomba la moshi, mke wangu na wanawake watano wanatengeneza sukari ya punje, ambayo bei yake ni nzuri kuliko ya vipande na wanunuzi wa nje wanaitafuta. Kila mmoja anapimiwa na kulipwa siku hiyo hiyo. Faida ni ndogo. Mkopo wa karai tulijikopesha wenyewe kutoka karafuu za 2024.

Kuhusu mpunga sina mengi. Mke wangu alinunua kipande bondeni, chini ya eka nusu, na tumempa jirani alime kwa *maro*, nusu kwa nusu. Tunakula mchele wetu. Tangu 2025 serikali imeweka bei ya rupia 6,500 kwa kilo ya mpunga uliovunwa, jirani anafurahi, nami nafurahi kwa ajili yake, lakini panya na ndege wa bonde lile ni somo la mtu mwingine.

Novemba 2024, mvua zilipoanza, tulipanda miche arobaini ya mikarafuu kwenye ukanda ambao mke wangu aliununua kwa shangazi yake. Mita nane kutoka mche hadi mche. Mbegu tuliiokota chini ya ule mti wa nyuma ya jiko. Hati ya ardhi ina jina la mke wangu. Baba mkwe, aliyekuwa anachimba mashimo pamoja nami, aliinuka akauliza, "Na miti ni ya nani, Le?" Nikamjibu kwamba kwa desturi ya kwetu miti ni ya aliyeipanda. Akasema basi na yeye ana mashimo kumi na manne.

Binti yetu alikuwa na miaka minane siku ile. Kwa sheria ya uraia ya hapa ya mwaka 2006 anabeba uraia wa pande mbili kwa sasa, na atakapotimiza kumi na minane atakuwa na miaka mitatu ya kuchagua. Akichagua kuwa Mtanzania, hataweza kuishika ardhi hii baada ya mama yake. Miche itakuwa imeanza kuzaa kabla hajafikia umri huo. Hatujamwambia hayo bado. Alikuwa nyuma yetu akifunga makuti ya kuukinga kila mche na jua, anahesabu kwa Kijava, *siji, loro, telu*, na alipofika ishirini akapotea, akaendelea kwa Kiswahili mpaka arobaini.

Mitatu ilikufa. Tuliipanda upya mvua zilizofuata.